Ukandarasi wa huduma za vyuo vikuu Tanzania

Ukandarasi wa huduma za vyuo vikuu ni utaratibu ambao chuo hukabidhi kazi za kila siku zisizo za kufundisha wala za utafiti kwa kampuni, kikundi au mtu wa nje kwa mkataba wa muda maalumu. Kazi hizo ni kama vile usafi, ulinzi, upishi, utunzaji wa bustani, uzoaji taka na matengenezo ya majengo. Wafanyakazi wanaozifanya huwa wameajiriwa na mkandarasi, si na chuo, ingawa hushinda ndani ya eneo la chuo na kuwahudumia wanafunzi na watumishi wake.

Nchini Tanzania utaratibu huu ulienea kuanzia miaka ya 1990, hasa kutokana na programu ya mabadiliko ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Kabla ya hapo chuo kiliajiri chenyewe wapishi, wafagizi, walinzi na mafundi. Mjadala juu ya utaratibu huu unahusu mambo matatu: kama kweli unapunguza gharama, kama huduma inakuwa bora zaidi, na nani anabeba mzigo pale gharama zinapopunguzwa.

Maana na istilahi

Katika ofisi za Tanzania mtoa huduma wa nje huitwa mkandarasi au mzabuni. Neno mkandarasi hutumika zaidi kwa usafi, taka na matengenezo. Neno mzabuni hutumika zaidi kwa chakula na ugavi wa vifaa. Ukandarasi wa huduma unafaa kutofautishwa na taratibu tatu zinazofanana nao:

- Ubinafsishaji: mali au shirika lenyewe huuzwa au kuhamishiwa kwa mmiliki binafsi. Katika ukandarasi majengo hubaki mali ya chuo.
- Ukodishaji wa eneo au ardhi: chuo hupokea kodi kutoka kwa mwekezaji. Jengo la biashara la Mlimani City, lililofunguliwa mwaka 2006 katika ardhi ya UDSM, ni mfano wa aina hii.
- Uwakala wa ajira: wakala huajiri watu kisha huwakodisha kwa taasisi, na taasisi ndiyo huwasimamia kazini. Mwaka 2014 Serikali ya Tanzania ilitoa kanuni zilizozuia mawakala binafsi wa ajira kuwa waajiri wa watu wanaowatafutia kazi. Mkandarasi wa huduma, kinyume chake, huuza kazi iliyokamilika, kwa mfano jengo lililo safi, na husimamia watu wake mwenyewe.

Mpaka kati ya ukandarasi na uwakala wa ajira hauonekani wazi nyakati zote. Ikiwa msimamizi wa chuo ndiye anayempangia mfagizi kazi kila asubuhi na kuamua nani aondolewe, mkataba ulioandikwa kuwa wa huduma huwa unakaribia kuwa wa kukodisha watu.

Huduma zinazohusika

Usafi. Hujumuisha kufagia na kupiga deki madarasa, ofisi, korido na vyoo, kufyeka majani na kukusanya taka. Chuo humlipa mkandarasi kila mwezi, mara nyingi kwa kuzingatia ukubwa wa eneo au idadi ya majengo.

Ulinzi. Kampuni huweka walinzi kwenye malango, mabweni, maabara na maktaba. Vyuo vingi hutumia mchanganyiko: walinzi wa kampuni kwa kazi ya kawaida, na watumishi wa chuo kwa usimamizi na maeneo nyeti. UDSM, kwa mfano, ina kikosi chake cha polisi wasaidizi. Katika taasisi za umma kampuni zilizo chini ya Shirika la Uzalishaji Mali la Jeshi la Kujenga Taifa (SUMAJKT) nazo hufanya kazi za ulinzi na usafi; kwa hiyo mkandarasi si lazima awe kampuni ya mtu binafsi.

Chakula. Hapa fedha hufuata njia nyingine. Kwa kawaida chuo hakimlipi mzabuni wa mgahawa, bali mzabuni hulipa chuo kodi ya jengo, naye hupata fedha zake kwa kuuza chakula kwa wanafunzi. Bei ya sahani ya wali maharage kwa hiyo hubeba ndani yake kodi ya jengo, umeme, maji, mishahara ya wahudumu na faida ya mzabuni.

Malazi. Vyuo vingi vya umma huendelea kuendesha mabweni vyenyewe na kutoa kwa mkataba usafi na ulinzi wake tu. Mabweni ya UDSM yaliyofunguliwa Aprili 2017, maarufu kama Hosteli za Magufuli, yalijengwa na Wakala wa Majengo Tanzania kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Pamoja na hayo, wanafunzi wengi nchini hupanga vyumba vya watu binafsi nje ya chuo.

Matengenezo. Mabomba, umeme, viyoyozi, lifti na jenereta huhitaji mafundi wenye ujuzi tofauti. Vyuo vingi hubaki na mafundi wachache wa kazi ndogondogo na kuita wakandarasi kwa kazi kubwa au za kitaalamu.

Historia

Huduma chini ya chuo

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kwenye jengo la TANU katika Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki mwaka 1963, na chuo kikuu kamili cha kitaifa tarehe 1 Julai 1970. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro kilifuata mwaka 1984.

Katika miongo hiyo Serikali iligharimia masomo, malazi na chakula cha wanafunzi. Mlimani palikuwa mbali na katikati ya jiji, na chuo kilijiendesha kama mji mdogo wenye nyumba za walimu, mabweni, majiko, karakana na magari yake. Wanafunzi walikuwa wachache, na kila mmoja alitazamiwa kulala na kula chuoni. Wapishi, wahudumu wa mabweni, walinzi na watunza bustani walikuwa watumishi wa chuo wenye haki za utumishi kama wenzao wa ofisini.

Mgogoro wa uchumi

Kudorora kwa uchumi wa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 kulipunguza uwezo wa Serikali kugharimia vyuo. Majengo yalichakaa, vitabu vilipungua, na sehemu kubwa ya ruzuku iliyopatikana ilikwenda kwenye mishahara na matunzo ya wanafunzi. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1988 kuhusu elimu katika Afrika kusini mwa Sahara ilishauri serikali zipunguze matumizi kwa chakula na malazi ya wanafunzi wa vyuo vikuu na kuwataka wanufaika wachangie gharama. Mwaka 1990 mvutano kati ya wanafunzi na Serikali ulifikia hatua ya UDSM kufungwa kwa miezi kadhaa.

Sera ya kuchangia gharama ilianza kutekelezwa mwaka 1992 kwa hatua. Hatua ya kwanza ilihusu gharama kama nauli na ada ndogondogo. Hatua iliyofuata iligusa chakula na malazi, pamoja na mkopo wa Serikali kwa mwanafunzi. Mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa kwa majiko ya vyuo. Mwanafunzi aliyekuwa anakula kwa haki ya uanachuo sasa alikuwa mteja mwenye fedha mkononi, na angeweza kula popote.

Programu ya mabadiliko ya UDSM

Chini ya Makamu Mkuu wa Chuo Matthew Luhanga, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 1991 hadi 2006, UDSM iliandaa programu ya mabadiliko ya kitaasisi na kupitisha mpango mkakati wa mwaka 1994. Programu hiyo ilitenganisha kazi za msingi, yaani kufundisha, utafiti na ushauri wa kitaalamu, na kazi za kuunga mkono. Kwa hizi za pili swali lilikuwa kama chuo kina sababu ya kuzifanya chenyewe. Migahawa, usafi na sehemu ya ulinzi vilianza kutolewa kwa watoa huduma wa nje, na idadi ya watumishi wasio wanataaluma ikapunguzwa.

Lengo lililotajwa lilikuwa kuelekeza fedha na muda wa uongozi kwenye taaluma. Mkuu wa taasisi aliyekuwa akishughulikia upungufu wa mchele jikoni au kuharibika kwa gari la taka angeweza kushughulikia mitaala na maabara. Uzoefu wa UDSM uliandikwa katika vitabu na ripoti kadhaa, na vyuo vingine vya umma vilifuata njia hiyo kwa viwango tofauti.

Upanuzi baada ya 2000

Idadi ya vyuo na wanafunzi iliongezeka haraka katika miaka ya 2000. Vyuo vishiriki vya elimu vya DUCE jijini Dar es Salaam na MUCE mjini Iringa vilianza mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ilianza kazi Julai 2005. Mkopo wa chakula na malazi, ambao wanafunzi huuita bumu, ukawa ndio msingi wa biashara ya migahawa ya vyuo. Vyuo vilivyoanzishwa katika kipindi hiki vilikuta ukandarasi tayari ni jambo la kawaida, na vingi havikuwahi kuwa na kikosi kikubwa cha wapishi na wafagizi wa kuajiriwa.

Zabuni na mkataba

Chuo cha umma hakiruhusiwi kuchagua mkandarasi kwa hiari ya kiongozi mmoja. Kinafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma. Sheria ya mwaka 2011 ilifuatiwa na ya mwaka 2023 iliyoanza kutumika 2024. Zabuni hutangazwa na kushughulikiwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza mwaka 2023 kuchukua nafasi ya mfumo wa awali wa TANePS. Ndani ya chuo wahusika wakuu ni afisa masuuli, bodi ya zabuni, kitengo cha usimamizi wa ununuzi na idara inayohitaji huduma. Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA) husimamia utaratibu, na mzabuni asiyeridhika anaweza kufika kwenye Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Hesabu za vyuo vya umma hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Sheria pia inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Usafi, bustani na chakula ni kati ya kazi ambazo kikundi kidogo kinaweza kuzimudu kwa sababu hazihitaji mtaji mkubwa wa mitambo.

Ubora wa huduma hutegemea sana jinsi mkataba ulivyoandikwa. Mkataba unaosema tu kwamba mkandarasi atafanya usafi wa jengo unampa chuo nafasi ndogo ya kulalamika. Mkataba unaoeleza vyoo visafishwe mara ngapi kwa siku, nani ananunua sabuni na dawa, wafanyakazi wawe wangapi kwa zamu, na malipo yapungue kwa kiasi gani kazi isipofanyika, unaweza kupimwa na kusimamiwa. Kwa mgahawa, masharti muhimu ni aina za chakula, bei ya juu inayoruhusiwa, vyeti vya afya vya wahudumu na muda wa kufungua, hasa siku za mwisho wa wiki na kipindi cha mitihani.

Chuo kinahitaji pia mtu wa kusimamia mkataba. Ukandarasi hupunguza idadi ya wafagizi kwenye orodha ya mishahara, lakini huongeza kazi ya ukaguzi, uhakiki wa hati za malipo na usuluhishi wa malalamiko. Chuo kikipunguza watumishi bila kuacha wasimamizi wanaoijua kazi, hubaki kikilipa hati ambazo hakuna anayeweza kuthibitisha kazi yake.

Gharama

Hoja ya kupunguza gharama inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa bei ya mkandarasi ina vipengele ambavyo chuo hakivilipi kinapotumia watumishi wake. Kwanza ni faida ya kampuni. Pili ni Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kampuni iliyosajiliwa, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Tatu ni gharama ya chuo ya kuandaa zabuni na kusimamia mkataba.

Ili bei hiyo iwe ndogo kuliko gharama ya zamani, lazima akiba ipatikane mahali pengine: mashine bora, mpangilio mzuri wa zamu, watu wachache zaidi kwa kazi ileile, au mshahara na marupurupu madogo zaidi. Usafi na ulinzi ni kazi zinazotegemea mikono ya watu kuliko mitambo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bei ni mishahara, na bei ya chini kupita kiasi mara nyingi huashiria kwamba mishahara ndiyo imebanwa.

Hesabu ya ulinzi huonyesha jambo hilo. Kituo kimoja kinacholindwa saa 24 kwa siku zote saba kina saa 168 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Ukigawanya 168 kwa 45 unapata 3.7, yaani karibu walinzi wanne kwa kituo kimoja kabla ya kuhesabu likizo na ugonjwa. Kampuni inayoweka walinzi wawili wa zamu ya saa 12 bila siku ya mapumziko huwafanyisha kila mmoja saa 84 kwa wiki. Chuo kinachopokea zabuni ya ulinzi kinaweza kufanya hesabu hii chenyewe: bei isiyotosha kulipa watu wanne kwa kima cha chini cha mshahara, pamoja na michango na malipo ya usiku, ni bei isiyoweza kutekelezwa bila kuvunja sheria.

Hali ya wafanyakazi

Mfanyakazi wa mkandarasi ana haki zote za mfanyakazi wa sekta binafsi chini ya sheria ya mwaka 2004. Kati ya hizo ni:

- mkataba wa maandishi;
- likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo;
- likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja;
- nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi;
- malipo ya saa za ziada kwa kiwango cha mara moja na nusu;
- ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, na haki ya kufika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Kima cha chini cha mshahara hutajwa katika amri za mishahara zinazotolewa na waziri mwenye dhamana ya kazi kwa kila sekta. Amri ya mwaka 2022 ilianza kutumika Januari 2023. Mwajiri huchangia pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Tofauti kati ya mtumishi wa chuo na mfanyakazi wa mkandarasi inaonekana zaidi katika usalama wa ajira na uzeeni. Mtumishi wa chuo cha umma ni mwanachama wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne. Mfanyakazi wa mkandarasi huandikishwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na mkandarasi asiyepeleka michango humwacha bila akiba hata kama makato yanaonekana kwenye karatasi ya mshahara.

Zabuni inapokwisha na kampuni mpya kushinda, mara nyingi wafagizi na walinzi walewale huchukuliwa na kampuni mpya kwa sababu wanalijua eneo. Hata hivyo wao huanza upya kwa mwajiri mpya. Kwa mujibu wa sheria, kiinua mgongo cha mtu anayeachishwa kazi huhesabiwa kwa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Mtu aliyefanya kazi kwenye jengo moja miaka tisa chini ya waajiri watatu anaweza kukosa hesabu ya miaka tisa.

Malalamiko ya kawaida katika sekta hii ni kuchelewa kwa mishahara. Chuo kinapochelewa kumlipa mkandarasi kwa sababu ruzuku au ada haijaingia, mkandarasi mwenye mtaji mdogo huchelewesha mishahara. Mfanyakazi akilalamika, chuo humwelekeza kwa mwajiri wake, na mwajiri humwambia asubiri chuo kilipe. Kisheria mshahara ni deni la mwajiri, iwe amelipwa au hajalipwa na mteja wake. Baadhi ya mikataba hukabiliana na tatizo hilo kwa kumtaka mkandarasi aonyeshe uthibitisho wa mishahara na michango ya mwezi uliopita kabla ya kulipwa hati mpya.

Vyama vya wafanyakazi vilivyozoeleka vyuoni, kama THTU na RAAWU, vilikua miongoni mwa watumishi wa vyuo wenyewe. Wafanyakazi wa makandarasi wametawanyika katika kampuni nyingi na mikataba mifupi, na hivyo ni vigumu zaidi kwao kujiunga pamoja.

Zanzibar ina sheria zake za ajira na ununuzi, na mfuko wake wa hifadhi ya jamii (ZSSF). Kwa hiyo taasisi kama Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) hufuata taratibu hizo.

Athari kwa wanafunzi

Kwa mwanafunzi, mabadiliko yanayoonekana haraka ni bei na chaguo. Ushindani kati ya wazabuni kadhaa katika eneo moja unaweza kuleta vyakula vya aina nyingi na huduma ya haraka. Kinyume chake, mzabuni aliye peke yake katika kampasi iliyo mbali na mitaa anaweza kupandisha bei au kupunguza kipimo cha chakula. Posho ya kujikimu ya mkopaji ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, nayo hutumika kwa chakula na malazi pamoja. Bumu likichelewa, wanafunzi wengi hutegemea kukopeshwa na mama lishe wa jirani, ambaye mara nyingi hana mkataba wowote na chuo.

Serikali za wanafunzi, kama DARUSO ya UDSM, ndizo hupeleka malalamiko ya chakula, maji na usafi wa mabweni. Katika utaratibu wa zamani malalamiko yalikwenda moja kwa moja kwa idara ya chuo yenye jiko. Katika ukandarasi huhitaji kupita kwa Mshauri wa Wanafunzi au idara ya miliki, kisha kwa mkandarasi. Iwapo mkataba hauna kipengele kinachohusu jambo linalolalamikiwa, chuo hakina nguvu ya kumlazimisha mkandarasi kabla muda wake haujaisha.

Wajibu wa kisheria kwa usalama wa watu ndani ya eneo la chuo hauondoki kwa kusaini mkataba. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humgusa mwenye eneo na mwajiri pia.

Kampasi za mikoani

Vyuo vingi vya Tanzania vimefungua kampasi nje ya miji mikubwa. Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002, ni mfano: mji una kampasi ya Chuo cha Uhasibu Arusha na chuo cha ufundi stadi cha VETA. Kampasi ndogo ina mazingira tofauti na Mlimani. Kazi ya usafi inaweza kuwa ya watu wachache tu, kiasi ambacho kampuni kubwa ya Arusha au Dodoma haioni faida ya kuleta msimamizi. Wanafunzi wasiopata nafasi ya malazi hupanga vyumba katika kata za mji kama Bagara, na hula kwenye migahawa na kwa mama lishe wa mitaani.

Katika mji wa aina hiyo zabuni ya chuo ina uzito katika uchumi wa mtaa. Ikichukuliwa na kikundi cha vijana au wanawake wa hapo, mishahara na ununuzi wa mahindi, maharage na mboga hubaki mjini. Vizuizi vyao ni usajili wa kisheria, uwezo wa kutumia mfumo wa NeST, na mtaji wa kulipa watu kwa miezi miwili au mitatu kabla ya chuo kulipa. Kuchelewa kwa malipo, ambako kampuni kubwa inaweza kukuhimili, kunaweza kukifunga kikundi kidogo.

Katika nchi nyingine

Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vikuu vya umma viliacha kuwapa wanafunzi chakula kilichogharimiwa na Serikali, na mwanafunzi akaanza kulipia kila mlo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mwaka 1996 kampuni yake, UNES, kusimamia shughuli zake za kibiashara. Hiyo ni njia ya kati, ambapo mtoa huduma ni kampuni lakini mmiliki ni chuo. Shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi, lilianzisha mjadala mpana kuhusu ulinzi wa vyuo na mipaka ya kazi ya mlinzi asiye na silaha.

Uganda. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia kwa wingi kuanzia 1992, na katika mageuzi hayo huduma mbalimbali zilipelekwa kwa watoa huduma binafsi. Mahmood Mamdani aliyachambua mageuzi hayo kwa ukosoaji katika kitabu chake Scholars in the Marketplace cha mwaka 2007.

Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Cape Town kilitoa usafi, ulinzi na huduma nyingine kwa kampuni za nje mwaka 1999, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilifuata muda mfupi baadaye. Mwaka 2015, pamoja na maandamano ya kupinga ongezeko la ada, wanafunzi na wafanyakazi walidai kukomeshwa kwa utaratibu huo. Vyuo hivyo viwili vilikubali mwaka huohuo kuwarudisha wafanyakazi katika ajira ya chuo.

Uingereza. Chuo cha SOAS jijini London, kinachofundisha Kiswahili pia, kilirudisha wafagizi na watumishi wengine wa huduma katika ajira yake mwaka 2018 baada ya kampeni ya zaidi ya miaka kumi.

Marekani. Chuo Kikuu cha Texas A&M kilitoa mwaka 2012 huduma za chakula, usafi, bustani na matengenezo kwa kampuni moja kubwa. Mwaka 2017, mpango wa gavana wa jimbo la Tennessee wa kutoa usimamizi wa majengo ya umma kwa kampuni ulikataliwa na Chuo Kikuu cha Tennessee, kampasi ya Knoxville.

Hoja za kuunga mkono na za kupinga

Wanaounga mkono husema kwamba chuo hakina utaalamu wa upishi au ulinzi, na kwamba kampuni inayofanya kazi hiyo pekee huwa na vifaa na mbinu bora. Husema pia kwamba ni rahisi kuvunja mkataba na mkandarasi mbovu kuliko kumwondoa mtumishi wa umma asiyefanya kazi, na kwamba uongozi hupata muda wa kushughulikia taaluma.

Wanaopinga husema kwamba akiba hutokana na mishahara midogo, na kwamba watu wanaobadilishwa kila zabuni inapokwisha hawawezi kujenga uzoefu na uaminifu kwa chuo. Huongeza kwamba mtumishi wa zamani wa bweni aliwajua wanafunzi, alitambua mgeni na aliona mapema mwanafunzi mgonjwa, mambo ambayo hayaandikwi kwenye mkataba. Wengine huona kasoro katika taasisi zinazofundisha sheria za kazi na uchumi wa maendeleo huku wafagizi wake wakiwa na ajira zisizo za uhakika.

Vyuo vingi vya Tanzania havijachagua upande mmoja kabisa. Vinabaki na mafundi, wasimamizi wa mabweni na maafisa wa ulinzi wao, na kutoa kwa mkataba kazi zenye watu wengi. Mafanikio ya mchanganyiko huo hutegemea mambo yanayoweza kukaguliwa: bei inayotosha kulipa mishahara halali, mkataba unaopimika, malipo ya chuo yanayofika kwa wakati, na msimamizi anayetembelea kazi yenyewe badala ya kusaini hati tu.

Tazama pia

- Chuo Kikuu cha Dar es Salaam
- Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu
- Ununuzi wa umma
- Babati (mji)
- Bagara